Kabla ya Kununua Bunduki ya Upepo

Mchezo wa kulenga shabaha ni mchezo wa heshima. Humfundisha kijana kutuliza pumzi, kusimama imara, kungoja wakati wake na kuikubali hukumu ya karatasi, ambayo haimpendelei mtu kwa jina wala kwa ukoo. Tangu Michezo ya Olimpiki ya mwaka 1984 mjini Los Angeles, bunduki ya upepo imekuwa na mashindano yake kwa wanaume na kwa wanawake. Na mwaka 2008 mjini Beijing ndiyo iliyompa Abhinav Bindra medali ya kwanza ya dhahabu ambayo mchezaji wa India aliwahi kuipata peke yake, bila timu. Kwa hiyo hatuna neno baya juu ya mwananchi wa visiwani anayetaka kujipatia bunduki ya namna hiyo, ajifunze kulenga uani kwake jioni baada ya kazi. Tuna neno moja la kumwambia yeye, na jingine la kuwaambia wakuu wa Serikali.

Neno la mwananchi ni hili: bunduki ya bei nafuu si lazima iwe ile yenye bei ndogo dukani. Gharama ya mchezo huu ni bunduki, risasi zake, sanduku la kuzipokea risasi hizo, miwani ya kukinga macho, na ukuta imara nyuma ya shabaha. Anayemaliza fedha zake zote juu ya bunduki, kisha akatundika karatasi juu ya ua wa makuti, hakununua kwa unafuu hata kidogo. Amelikopa jicho la mtoto wa jirani, na deni la jicho halilipiki. Wazee walisema rahisi huvunja upishi; hapa huvunja zaidi ya upishi.

Wengi hudanganyika kwa sababu bunduki hii haina baruti. Husukuma risasi kwa hewa iliyobanwa, na mlio wake ni mdogo, hata mtu akaidhania kuwa ni manati iliyotiwa kitako. Tufanye hesabu. Risasi ya kawaida ya mchezo huu ina uzito wa karibu nusu gramu, na hata bunduki ya upole huitoa kwa mwendo wa kiasi cha meta 170 kwa sekunde, yaani zaidi ya kilomita 600 kwa saa. Nusu ya mwendo huo yatosha kabisa kuharibu jicho. Risasi iliyokosa shabaha na isikutane na kizuizi yaweza kusafiri mamia ya meta kabla ya kutua. Nasi twajua mitaa yetu ilivyo: ua wa mmoja ni njia ya mwingine, na nyuma ya kila ukuta yuko mtu anayefua, anayepika au anayecheza. Makuti hayazuii risasi, na jiwe gumu la matumbawe laweza kuirudisha kwa aliyeipiga.

Basi chaguo la kwanza si bunduki; ni mahali. Masafa ya mashindano ni meta 10, na ua mwingi wa shamba waweza kuyatoa. Panatakiwa sanduku la mbao nene, lililoshindiliwa matambara au magazeti makuukuu, na bamba la chuma nyuma yake; na nyuma ya sanduku hilo pawe na kichuguu cha udongo, au ukuta mzima usio na mlango wala dirisha. Pasiwe na njia ambayo mtu aweza kutokea ghafla baina ya mpigaji na shabaha. Mwenye ua uliokosa sifa hizi, ahifadhi fedha zake. Hakuna bunduki, ya ghali wala ya rahisi, itakayourekebisha ua mbaya.

Mahali pakishapatikana, uchaguzi wa bunduki si mgumu. Ziko za namna tatu. Ya kwanza ni ya springi: mpigaji huukunja mtutu, springi ikakazwa, na akifyatua springi hiyo huisukuma hewa kwa nguvu. Ya pili hutumia gesi ya kaboni iliyotiwa katika vichupa vidogo vya chuma. Ya tatu hujazwa hewa yenye mkandamizo mkubwa, mara nyingi wa kiasi cha 200 bar, kama ile ya mitungi ya wapiga mbizi.

Kwa mtu wa kipato cha kawaida visiwani, twaiona ya springi kuwa ndiyo ya busara. Bunduki ya gesi huvutia kwa wepesi wake, lakini kila vichupa vikiisha sharti vinunuliwe vingine, na kisiwani kila kinachoagizwa ng'ambo huja na nauli yake. Bunduki ya hewa ya kujazwa hulenga vizuri sana, na ndiyo wanayoitumia mabingwa. Ila yahitaji pampu maalumu au mtungi, na vitu hivyo vyaweza kuipita bunduki yenyewe kwa bei. Ya springi haidai kitu ila mkono wa mwenyewe. Kasoro yake ni kwamba hutikisika kabla risasi haijatoka mtutuni, hivyo haitaki kubanwa kwa nguvu; huwekwa juu ya kiganja kwa upole, ikaachwa itikisike itakavyo. Anayejifunza kulenga kwa bunduki hiyo amejifunza kweli.

Unene wa risasi uwe milimita 4.5. Ndio unaotumika katika mashindano, na risasi zake kwa kawaida ni nafuu kuliko zile nene. Nguvu isitafutwe. Wauzaji hupenda kujisifu kwa mwendo mkubwa, na mnunuzi mgeni hudhani mwendo ndio ubora. Sivyo. Risasi inayotoka kwa mwendo unaokaribia ule wa sauti huyumba njiani, na springi nzito humchosha mpigaji, ikamzoesha kufyatua kwa papara. Kwa meta 10 nguvu ya jouli 7 hivi yatosha kutoboa karatasi. Wala darubini haihitajiki mwanzoni; alama mbili za kulengea, ya mbele na ya nyuma, zatosha, na fedha ya darubini inunue sanduku na miwani.

Anayeuziwa bunduki iliyokwisha kutumika aitazame kama atazamavyo baiskeli kuukuu. Kwanza ahakikishe haina risasi. Kisha akague kutu ndani ya mtutu, aone kama mtutu ukirudishwa hukaa imara bila kuchezacheza, na kama kizuizi cha usalama hushika. Bunduki ambayo yaweza kujifyatua yenyewe mtutu ukiwa umekunjwa, ikateguka na kukata vidole, si ya kununuliwa hata kwa bei ya kutupa. Na kwa kila bunduki ya namna hii, nzima au mbovu, mtutu ushikwe kwa mkono mmoja wakati wote wa kutia risasi. Isifyatuliwe tupu, kwa maana springi huumia. Wala isitiwe vigololi vya chuma ikiwa mtutu wake una mifereji ya kuizungusha risasi. Hewa yetu ya chumvi haina huruma na chuma: kila baada ya mchezo ipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kwa nje, pasipo kumimina mafuta katika chumba cha hewa, maana huko yaweza kuwaka.

Liko jambo ambalo lugha yetu yenyewe yatukumbusha. Neno risasi ni jina la kitu kinachopigwa na pia ni jina la madini yake, na madini hayo ni sumu. Asiyeziosha mikono yake baada ya mchezo, au anayeziweka risasi mdomoni ili mikono iwe huru, anajitia sumu kidogo kidogo, na watoto hudhurika zaidi kuliko watu wazima. Kuku wa uani hudonoa kila kinachong'aa mchangani. Kwa hiyo risasi zilizokwisha kupigwa zikusanywe sandukuni, zisiachwe zikazagaa, na shabaha isiwekwe karibu na kisima.

Sheria za uani ni chache nazo hazina ruhusa ya udugu. Mtutu usielekezwe kwa mtu kamwe, hata ikiwa inajulikana kuwa ni tupu. Kila aliyepo avae miwani. Mtoto asiiguse pasipo mtu mzima kusimama ubavuni pake. Mchezo ukiisha bunduki ifungiwe mahali pamoja na risasi mahali pengine, na funguo zikae kwa mwenye nyumba. Ndege, paka wa mtaani na kima punju si shabaha. Wala isibebwe wazi njiani, kwa kuwa askari aliye mbali hana jicho la kutambua ya upepo na ya baruti.

Sasa twageuka kwa wakuu wetu. Kama mwananchi ana wajibu wa kuuliza, ofisi nayo ina wajibu wa kujibu. Kabla ya kulipa hata senti moja, na kabla ya kumwandikia ndugu aliyeko Maskati au Dubai alete bunduki katika mizigo yake, mnunuzi yampasa afike kituo cha polisi aulize juu ya kibali, kisha ampe habari sheha wake. Muuzaji asiaminiwe katika jambo hili, kwani kazi yake ni kuuza. Lakini haifai mwananchi mwaminifu azungushwe kutoka dirisha hadi dirisha. Twaomba pawe na tangazo moja la maandishi, kwa Kiswahili chepesi, libandikwe katika vituo vya polisi, bandarini na uwanja wa ndege, likieleza umri, nguvu, kibali na njia ya kukipata.

Nchi nyingine zimekwisha kuweka mipaka inayosomeka. Ujerumani imechagua kipimo cha jouli 7.5, na bunduki isiyokipita hupigwa chapa ya herufi F ili mnunuzi na askari waijue kwa kuitazama. Uingereza haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kununua, na bunduki ya upepo inayozidi kiasi cha jouli 16 huhesabiwa pamoja na silaha zinazodai cheti; na Scotland, tangu mwisho wa mwaka 2016, huitaka leseni hata kwa zile za nguvu ndogo. Hatusemi tunakili neno kwa neno. Twasema mpaka unaojulikana humlinda raia na humrahisishia askari kazi, na mpaka usiojulikana humnufaisha mwenye hila peke yake.

Ombi letu kubwa ni jingine. Bindra, tuliyemtaja, alijengewa uwanja wa kulengea nyumbani kwao, kwa kuwa jamaa zake walikuwa na uwezo huo. Wangapi visiwani wana ua wenye ukuta mzima, masafa salama na watoto wasiopita? Ni wachache mno, na watu wa mjini karibu wote hawamo. Lakini chumba kirefu cha skuli au ghala lisilotumika, lenye meta 10 na ukuta imara, lapatikana katika kila wilaya. Kikundi cha watu 20 wakichanga, wakanunua bunduki mbili nzuri za springi, masanduku na miwani, wakawa na msimamizi mmoja aliyefundishwa na polisi wakayatambua majina yao, kila mmoja atakuwa amelipa kidogo kuliko bei ya bunduki mbovu ya peke yake. Bunduki zitafungiwa mahali pamoja panapojulikana, na mtoto wa mvuvi na wa karani watasimama mstari mmoja.

Serikali haiombwi kununua bunduki. Inaombwa chumba, msimamizi na tangazo. Na mwananchi ambaye tayari moyo wake umo katika mchezo huu, twamwomba aanze na kilicho nafuu kuliko vyote: akasimame uani kwake, mahali atakaposimama akilenga, atazame mbele, na ajiulize ni nani anayeishi nyuma ya shabaha yake.