Kikulacho ki Nguoni Mwako: Vumbi la Asbesto, Mfanyakazi wa Kiwandani na Haki Zake Kisheria

Utangulizi

Nambale ni mji mdogo katika Kaunti ya Busia, kwenye barabara itokayo Busia mpakani kuelekea Mumias. Wakazi wake, ambao wengi ni Wakhayo, hulima miwa, mahindi na mihogo. Hata hivyo, kwa vizazi kadhaa sasa, watu wa sehemu hii wamekwenda pia kutafuta riziki katika viwanda vya magharibi mwa Kenya, katika reli ipitayo Malaba, na hata ng'ambo ya mpaka katika mji wa Tororo, Uganda, ambako saruji imetengenezwa tangu miaka ya 1950 na ambako mabati ya asbesto pia yaliwahi kutengenezwa. Mfanyakazi wa aina hii akistaafu hurudi kijijini, na ni huko, mbali na kiwanda, ambako maradhi yanayotokana na vumbi la asbesto hujitokeza.

Makala haya yanalenga kufafanua mambo matatu: asbesto ni nini na humdhuru mtu kwa njia gani, sheria za Kenya zinampa mfanyakazi aliyedhurika njia zipi za kudai haki, na lugha ina nafasi gani katika kumfikisha kwenye haki hiyo.

Asbesto na Madhara Yake

Neno asbesto lina asili ya Kigiriki na maana yake ni kitu kisichozimika. Ni jina la kundi la madini yenye nyuzi nyembamba mno ambazo haziungui, haziozi na huzuia joto. Kwa sababu ya sifa hizo, katika karne ya 20 asbesto ilichanganywa na saruji ili kutengeneza mabati na mabomba, ikatumiwa katika breki za magari, na ikafungwa kuzunguka boila na mabomba ya mvuke. Popote palipokuwa na mvuke, iwe ni garimoshi au kiwanda, asbesto haikuwa mbali. Nchini Kenya, majengo mengi ya umma, zikiwemo shule, hospitali na nyumba za wafanyakazi, yaliezekwa kwa mabati hayo.

Bati zima lililotulia juu ya paa halina hatari kubwa. Hatari huzuka linapokatwa, linapotobolewa, linapovunjwa au linapochakaa, kwani hapo nyuzi hupeperuka hewani. Nyuzi hizo ni ndogo kiasi kwamba jicho haliwezi kuziona. Mtu akizivuta hukwama ndani ya mapafu, na mwili hauna uwezo wa kuziyeyusha. Matokeo yake ni maradhi makuu matatu. La kwanza ni asbestosi, yaani mapafu kujaa makovu hata mgonjwa akashindwa kupumua. La pili ni saratani ya mapafu, ambayo uwezekano wake huongezeka sana kwa mvutaji wa sigara. La tatu ni mesothelioma, saratani ya utando unaoyafunika mapafu au tumbo.

Jambo linalotatanisha zaidi ni muda. Asbestosi huweza kuchukua miaka 10 au zaidi kujitokeza, na mesothelioma kati ya miaka 20 na 50. Aliyepasua mabati mwaka 1985 huenda akaanza kukohoa akiwa na wajukuu. Aidha, kikohozi na kukonda humfanya ashukiwe kuwa na kifua kikuu, naye huweza kutumia dawa za kifua kikuu bila nafuu. Tena madhara hayakomei kwa mfanyakazi mwenyewe. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na hapa methali hiyo ni kweli bila tamathali yoyote: vumbi lililoganda kwenye nguo za kazi liliwafikia wake waliozifua na watoto waliomkimbilia baba jioni.

Hatari hii haikugunduliwa juzi. Mwaka 1924 alifariki Nellie Kershaw, mfanyakazi wa kiwanda cha asbesto mjini Rochdale, Uingereza, na kifo chake kikaandikwa na madaktari. Mwaka 1960 watafiti wa Afrika Kusini walionyesha uhusiano kati ya asbesto na mesothelioma miongoni mwa watu wa maeneo ya migodi ya Rasi ya Kaskazini. Uingereza ilipiga marufuku aina zote za asbesto mwaka 1999, na Afrika Kusini mwaka 2008. Nchini Kenya, kanuni za usimamizi wa taka za mwaka 2006 ziliiweka asbesto katika orodha ya taka hatari, na uondoaji wake husimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kusimamia Mazingira, NEMA.

Njia za Kisheria

Njia ya kwanza ni Sheria ya Mafao ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007. Sheria hii haimdai mfanyakazi athibitishe kwamba mwajiri alizembea. Kinachotakiwa ni kuonyesha kwamba ugonjwa umetokana na kazi. Mfanyakazi humjulisha mwajiri, mwajiri naye hutakiwa kumpasha habari Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini, ambaye ndiye anayeamua fidia. Ulemavu wa kudumu hukadiriwa kwa msingi wa mapato ya miezi 96. Asiyeridhika na uamuzi ana siku 60 za kuwasilisha pingamizi kwa Mkurugenzi, na baada ya kujibiwa ana siku 30 za kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi.

Ikumbukwe kwamba sheria hii pia inamzuia mfanyakazi kumshtaki mwajiri mahakamani moja kwa moja kwa ajili ya jeraha au ugonjwa wa kazini. Kizuizi hicho kilizua mvutano mrefu. Mahakama Kuu ilibatilisha baadhi ya vifungu vya sheria hiyo mwaka 2009, Mahakama ya Rufaa ikavirejesha karibu vyote mwaka 2017, na Mahakama ya Upeo ikauthibitisha uamuzi huo tarehe 3 Desemba 2019. Kwa hiyo mfanyakazi anayepita mlango wa mahakama kabla ya ule wa Mkurugenzi hujihatarisha kupoteza muda na gharama.

Njia ya pili ni kesi ya madai kwa msingi wa uzembe. Hii inawafaa wale ambao hawakuwa waajiriwa: mke aliyefua nguo, mtoto, au jirani wa kiwanda. Kwa kawaida kesi ya namna hii hufunguliwa katika muda wa miaka 3. Hata hivyo, kifungu cha 27 cha Sheria ya Ukomo wa Mashtaka kinaipa mahakama uwezo wa kuongeza muda ikiwa mdai hakujua mambo ya msingi kuhusu madhara yaliyompata. Kwa maradhi yanayojificha miaka 30, kifungu hiki ndicho tegemeo.

Njia ya tatu ni Katiba ya mwaka 2010. Ibara ya 42 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na salama, na ibara ya 70 inamruhusu kwenda mahakamani haki hiyo inapokiukwa. Mfano bora ni kesi ya kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, ambako wakazi walidhurika kwa risasi iliyotoka katika kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Phyllis Omido, aliyewahi kuajiriwa kiwandani humo, aliongoza harakati zao. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, Mahakama ya Rufaa ikaitengua mwaka 2023, na Mahakama ya Upeo ikairejesha mwezi Desemba 2024. Risasi si asbesto, lakini hoja ni ile ile.

Aliyefanya kazi Tororo hana budi kutazama sheria za Uganda, kwa kuwa dai hufuata mahali pa kazi. Huko, Sheria ya Fidia ya Wafanyakazi ya mwaka 2000 hukadiria ulemavu kamili wa kudumu kwa mapato ya miezi 60. Na pale ambapo kampuni mama iko ng'ambo, kuna funzo la Afrika Kusini: mwaka 2000 mahakama ya juu ya Uingereza iliwaruhusu wadai zaidi ya 3,000 kuishtaki kampuni ya Cape huko huko Uingereza, na mwaka 2003 kampuni hiyo ikakubali kulipa pauni milioni 7.5.

Katika njia zote hizi, ushahidi ndio uti wa mgongo. Kitambulisho cha kazi, karatasi za mshahara na taarifa ya michango ya NSSF huthibitisha ajira. Picha za mapafu na maelezo ya daktari aliyeambiwa historia ya kazi ya mgonjwa huthibitisha ugonjwa. Wafanyakazi wenza walio hai huthibitisha vumbi.

Lugha na Haki

Katika mjadala huu neno moja limejirudia: kujua. Sheria huhesabu muda kwa kuangalia kile ambacho mdai alikijua, lakini sheria zenyewe zimeandikwa kwa Kiingereza. Mzee wa Nambale anayezungumza Kikhayo nyumbani na Kiswahili sokoni hupewa hospitalini karatasi yenye jina la ugonjwa asiloweza kulisoma. Je, tangu siku hiyo amekwisha kujua? Swali hili ni la kisheria, lakini pia ni la kiisimu. Katiba iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi sambamba na Kiingereza. Kilichobaki ni istilahi na maelezo yanayoeleweka.

Hitimisho

Imebainika kwamba vumbi la asbesto huua polepole na kwa siri, na kwamba sheria ina njia za fidia kwa anayezitafuta mapema. Daktari anapaswa kuuliza mgonjwa alifanya kazi wapi. Anayekarabati paa la zamani anapaswa kuwaita wenye kibali badala ya kupanda na nyundo. Nao wanafunzi wa Kiswahili wana kazi iliyo mikononi mwao: kuandaa vijitabu na matangazo ya redio yanayoeleza maradhi haya na haki hizi kwa lugha ya mwenye mapafu yanayouma.