Karo ya Chuo: Anza Kuhesabu Januari, Usingoje Barua

Simu iliingia kwa wenzetu wa huduma kwa wateja saa mbili asubuhi. Alikuwa mama muuza mboga ambaye kijana wake ameitwa chuo kikuu. Jana yake jioni alikuwa ametuma shilingi 18,000 kwa "mtu wa ofisi ya usajili" aliyemwambia kwamba nafasi ya kijana itapewa mwingine karo isipoingia kabla ya saa sita usiku. Nambari ilikuwa ya simu ya kawaida, na jina lililotokea kwenye skrini lilikuwa la mtu, si la chuo. Mama aliliona lile jina, lakini alikuwa na haraka.

Tutarudi kwake. Kwanza tuongee kuhusu hiyo haraka, kwa sababu ndiyo inayowaponza wengi.

Matokeo ya KCSE hutoka Januari. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huripoti vyuoni kuanzia mwisho wa Agosti hivi. Katikati hapo kuna karibu wiki 32, na nyumba nyingi huzipitisha zikisema "tungoje barua kwanza". Barua ikifika, zimebaki siku chache, na mzazi anaanza kukimbia huku na huku akitafuta pesa za kukopa.

Wengi wetu hapa ofisini ni watoto wa HELB, na wengine bado wanakatwa mshahara kila mwisho wa mwezi. Kwa hivyo tunajua hesabu hii inavyouma. Ila imebadilika tangu tulipokuwa chuoni. Tangu 2023 kuna mfumo mpya wa ufadhili ambapo mwanafunzi anatuma maombi mtandaoni, anajibu maswali kuhusu hali ya nyumbani, kisha anawekwa kwenye mojawapo ya makundi matano. Mfumo wenyewe umezua kesi: Desemba 2024 Mahakama Kuu iliutangaza kuwa kinyume cha Katiba, na mambo yakapanda hadi Mahakama ya Rufaa. Kabla hujapiga hesabu yako, angalia kwenye tovuti rasmi ni masharti gani yanatumika mwaka wa mtoto wako.

Jinsi mfumo ulivyopangwa, kundi la kwanza, la wenye uhitaji mkubwa zaidi, linapata asilimia 70 ya karo kama ruzuku, asilimia 25 kama mkopo, na familia inalipa asilimia 5. Kundi la tano linapata asilimia 30 kama ruzuku na 30 kama mkopo, kisha familia inabeba 40. Sasa chukua kozi ya shilingi 200,000 kwa mwaka. Familia ya kundi la kwanza inatoa 10,000. Ya kundi la tano inatoa 80,000. Kozi ni ile ile, darasa ni lile lile. Ndiyo maana fomu hiyo haifai kujazwa na kijana peke yake saa tano usiku kwenye saiba. Keti naye. Kama baba ameachishwa kazi au kuna wadogo wawili shule ya upili, hayo yaandikwe. Na akiwekwa kundi lisilolingana na hali ya nyumbani, kuna nafasi ya kukata rufaa. Usinung'unike tu kwenye WhatsApp.

Tuseme ameangukia kundi la tatu, la katikati. Sehemu ya familia ni asilimia 20, yaani 40,000 kwa mwaka, au 20,000 kwa semesta. Ukianza Januari, hiyo 20,000 ya kwanza ni kama shilingi 625 kwa wiki. Si pesa kidogo kwa mtu wa kibarua, lakini ni kitu unachoweza kukipangia. Iweke kwenye akaunti ya akiba iliyofungwa, si kwenye salio la kawaida ambapo kila "nitumie kidogo tu" inaila. Kama uko kwenye chama, omba zamu yako iangukie Agosti. Ombi hilo lipeleke mapema, kwa sababu si wewe pekee mwenye mtoto.

Mikopo nayo. HELB inatoza asilimia 4 kwa mwaka kwa wanafunzi wa shahada ya kwanza, na malipo huanza mwaka mmoja baada ya kumaliza masomo. Mkopo wa simu ukitoza asilimia 8 kwa siku 30, 20,000 inakugharimu 1,600 mwezi huo. Ukiuzungusha mwaka mzima, umelipa 19,200 ya ada na deni lenyewe bado liko pale pale. Ndiyo, tunajua sisi wenyewe tuko kwenye biashara ya pesa za simu. Mkopo wa haraka ni wa kuziba pengo la siku chache ambapo unajua pesa zinatoka wapi. Karo ya miaka minne si pengo la siku chache.

Basari za NG-CDF na za kaunti ni nzuri, na fomu zichukuliwe zote mbili. Lakini kwa kawaida pesa hizo huenda moja kwa moja chuoni kwa jina la mwanafunzi, na zinaweza kuchelewa hadi semesta iwe imefika katikati. Usizihesabu kwa siku ya kuripoti. Badala yake nenda ofisi ya fedha ya chuo ukiwa na nakala ya barua ya basari na uombe kulipa kwa awamu. Omba kwa maandishi. Vyuo vingi husikiliza mtu aliyekuja mapema kuliko aliyekuja siku ya kufungiwa nje ya mtihani.

Kwa kijana mwenyewe, jambo moja tu: awe na kitambulisho na laini iliyosajiliwa kwa jina lake kabla ya kuomba mkopo. Na pesa za matumizi zikiingia, tuseme 25,000 za semesta, agawe kwa wiki 16. Ni kama 1,560 kwa wiki, chakula na nauli na kila kitu. Tulizoea kuila yote kwa mwezi mmoja, halafu tunaishi kwa uji na madeni ya kibanda. Mzazi akiongezea, atume mara moja kwa wiki, si mia mbili mbili kila siku, maana ada za kutuma nazo hujumlika.

Sasa kulipa kwenyewe. Nambari ya Paybill itoe kwenye tovuti ya chuo au barua uliyoipakua humo, si kwenye ujumbe uliotumiwa na mtu. Kwenye sehemu ya akaunti weka nambari ya usajili ya mwanafunzi kama ilivyoandikwa. Kisha, kabla ya PIN, soma jina linalotokea. Kama si la chuo, ghairi. Ukikosea, piga simu saa hiyo hiyo, usingoje asubuhi.

Yule mama alingoja asubuhi kwa sababu usiku hakujua amepotea. Wenzetu walifunga ile akaunti na kukuta 6,000 zimebaki. 12,000 zilikuwa zimeshatolewa kwa wakala. Alirudishiwa hizo 6,000 na kuelekezwa kupiga ripoti polisi. Wiki iliyofuata alikwenda chuoni mwenyewe na kijana wake, wakakubaliwa kulipa kwa awamu tatu. Ile ya kwanza aliilipa akiwa amesimama mlangoni pa ofisi ya fedha, kijana akimsomea jina kwenye skrini kwa sauti, herufi kwa herufi, huku foleni ikinung'unika nyuma yao.