Visiki Vilivyo Hai: Kurejesha Misitu ya Ngara na Biharamulo

Msitu ukatwapo haufi wote kwa mara moja. Juu ya ardhi huonekana visiki na vumbi, lakini chini yake mizizi huweza kuendelea kuishi kwa miaka mingi. Jambo hili ni la msingi kwa yeyote atakaye kuelewa namna ya kurejesha uoto wa asili katika wilaya za Ngara na Biharamulo, mkoani Kagera.

Mnamo tarehe 28 Aprili 1994, watu wapatao 250,000 waliokimbia vita nchini Rwanda walianza kuvuka daraja la Rusumo na kuingia Ngara, katika muda wa siku moja hivi. Wengine wengi walifuata, hata wageni wakawazidi wenyeji kwa idadi. Kila jungu lilihitaji kuni na kila kibanda kilihitaji miti. Tuseme kila mtu alitumia kilo moja tu ya kuni kwa siku: watu 250,000 wangemaliza tani 250 kila siku, yaani zaidi ya tani 90,000 kwa mwaka. Wakimbizi wengi walirejea kwao mwezi Desemba 1996, nao wenyeji wakabaki na vilima vilivyo wazi.

Je, miti hurudije? Miti mikuu ya miombo, yaani jamii za Brachystegia na Julbernardia, huzaa maganda ambayo hupasuka kwa nguvu yakikauka. Hata hivyo mbegu huanguka mita chache tu kutoka kwa mti mzazi, wala hazidumu muda mrefu udongoni. Kwa hiyo eneo kubwa lililofyekwa haliwezi kupata mbegu upesi kutoka pembezoni. Tegemeo lake ni machipukizi ya visiki na mizizi. Mahali kisiki kilipoachwa, shina jipya hutokea. Mahali kilipong'olewa ili kiwe kuni, akiba hiyo imepotea. Mizizi hiyo pia huishi kwa kushirikiana na kuvu, ambazo huisaidia kufyonza virutubisho katika udongo hafifu. Uyoga mwingi unaookotwa porini wakati wa mvua hutokana na ushirika huo.

Mninga una desturi yake. Mche wake hukauka kila kiangazi na kuchipua tena mvua zinaponyesha, kwa miaka kadhaa, huku mzizi ukinenepa. Ndipo shina hupanda juu. Asiyejua hudhani mche umekufa, akalima mahali hapo au akapatia moto.

Mikaratusi na misonobari hukua haraka, nayo hutoa kuni na nguzo. Hivyo hupunguza ukataji wa pori. Lakini shamba la mti wa aina moja si msitu. Halina dawa, matunda, uyoga wala maua ya nyuki kwa wingi na namna zilizomo katika miombo. Hapana budi kupanda kwa ajili ya jiko na kulinda kwa ajili ya pori, kila kazi mahali pake.

Mfano upo Shinyanga. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI), ulioanza mwaka 1986, uliwahimiza Wasukuma kufufua ngitili, desturi yao ya kutenga malisho. Kwa kuzuia moto, ukataji na mifugo kwa majira maalumu, zaidi ya hekta 300,000 zilirudiwa na miti na nyasi. Huko Kagera, mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa mwaka 2019 kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, nayo ni ghala la mbegu.

Wanafunzi wanaweza kujipimia wenyewe. Wachague kiwanja cha mita 10 kwa 10 mahali palipofyekwa, wahesabu visiki, machipukizi na aina za miti, kisha warudie kila mwaka kabla ya moto wa kiangazi na baada yake. Tofauti ya hesabu hizo itawaonyesha kama mahali hapo pahitaji miche, au pahitaji ulinzi tu.