Maikrofoni Chumbani: Nini Kinunuliwe Kwanza?

Katika miaka ya 1970 mwimbaji wa Tanzania aliyetaka sauti yake inaswe hakuwa na mahali pengi pa kwenda. Bendi kama NUTA Jazz ziliingia katika studio za Redio Tanzania Dar es Salaam, zikapiga muziki wao, na mafundi wa redio wakaunasa katika utepe wa sumaku. Mwimbaji hakulazimika kununua chombo chochote, wala kufikiri juu ya kuta zilizomzunguka. Mambo hayo yalikuwa kazi ya watu wengine.

Siku hizi kazi hiyo hiyo hufanyika katika chumba cha kulala. Mtu mwenye kompyuta, au hata simu tu, anaweza kunasa wimbo, kaswida, utenzi au masimulizi ya bibi yake bila ya kutoka nje ya nyumba. Hudunduiza fedha kwa miezi kadhaa, hununua maikrofoni, huimba, kisha husikiliza. Mara nyingi matokeo humvunja moyo. Sauti yasikika kana kwamba mwimbaji yumo ndani ya pipa. Nyuma yake yasikika feni, na jogoo wa jirani. Basi mnunuzi huamini kwamba ameuziwa chombo kibovu, au kwamba alistahili kununua cha bei kubwa zaidi. Kwa kawaida dhana zote mbili si sahihi. Maikrofoni imefanya kazi yake barabara: imenasa chumba.

Ili kufahamu jambo hili, yafaa kuifuata sauti tangu inapotoka kinywani. Katika joto la pwani la nyuzi 30 za Selsiasi, sauti husafiri mita 350 hivi kwa sekunde. Chukulia chumba chenye urefu wa mita 4, upana wa mita 3 na kimo cha mita 3, chenye kuta za matofali yaliyopigwa lipu, sakafu ya saruji na dari ngumu. Katika chumba kama hicho sauti hugonga kuta, sakafu na dari zaidi ya mara 150 katika sekunde moja. Kila inapogonga, sehemu ndogo tu hufyonzwa; iliyobaki hurudishwa chumbani. Mlio wa neno la kwanza haujafa bado, na tayari neno la tatu limetamkwa juu yake. Huu si mwangwi wa mlimani ambao huja kama jibu kutoka mbali. Ni mkia wa sauti, na sikio la mtu aliyemo chumbani huuzoea upesi hata asiutambue. Maikrofoni haina mazoea hayo.

Mtu wa kwanza kulipima jambo hili kwa makini alikuwa mwalimu kijana wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, aitwaye Wallace Clement Sabine. Mwaka 1895 aliombwa atafute dawa ya ukumbi mpya wa mihadhara ambamo maneno hayakueleweka: sauti ilidumu hewani kwa sekunde 5 na nusu hivi baada ya msemaji kunyamaza. Vyombo vyake vilikuwa filimbi ya kinanda, saa ya kupimia sekunde, na mito ya viti iliyoazimwa kutoka ukumbi mwingine wa chuo hicho. Alifanya kazi usiku, wakati mji umetulia, akiongeza mito kidogo kidogo na kupima upya kila mara. Mito ilipojaa ukumbini, mkia wa sauti ulipungua hadi kufikia sekunde 1 na kitu. Hakubadilisha ukuta hata mmoja.

Kutokana na majaribio hayo ilipatikana kanuni ambayo mwenye kuanza kunasa sauti nyumbani anaweza kuitumia kwa penseli na karatasi. Ujazo wa chumba kwa mita za ujazo huzidishwa kwa 0.16, kisha hugawanywa kwa ufyonzaji wote uliomo. Kipimo cha ufyonzaji ni dirisha lililo wazi: mita moja ya eneo la dirisha hilo haimrudishii mtu sauti yoyote, kwa hiyo huhesabiwa kuwa 1. Lipu na saruji hufyonza kidogo mno, tuseme 0.03 kwa kila mita ya eneo.

Chumba chetu cha mfano kina ujazo wa mita 36, na nyuso zake zote, yaani kuta, sakafu na dari, zina jumla ya mita 66 za eneo. Kikiwa kitupu, ufyonzaji wake ni 2 tu, na mkia wa sauti hudumu karibu sekunde 2.9. Sasa yaingizwe magodoro na mablanketi mazito yenye jumla ya mita 10 za eneo, kila mita ikifyonza 0.7. Ufyonzaji hupanda hadi 9, na mkia hushuka hadi sekunde 0.64. Hakuna maikrofoni dukani, hata ya bei ya gari, iwezayo kuleta badiliko kubwa namna hiyo katika chumba kile kile.

Lakini si kila kitambaa kifaacho. Sauti hufyonzwa pale ambapo hewa inatikisika kwa kasi, na hewa iliyogusana na ukuta karibu haitikisiki. Ndiyo sababu khanga iliyobandikwa ukutani ni pambo tu, ilhali blanketi zito lililotundikwa kwenye kamba, likaachwa sentimita 10 mbali na ukuta, hufanya kazi kwelikweli. Trei za mayai, ambazo zimekuwa kama alama ya studio za vijana katika miji yetu, hazistahili sifa zinazopewa. Karatasi yake ni nyembamba. Hutawanya kidogo sauti nyembamba na kuziacha nene zipite. Tena hushika moto upesi. Kwa upande mwingine, kabati la nguo lililo wazi na limejaa, nyuma ya mwimbaji, ni msaada mkubwa usiogharimu kitu.

Ukweli mmoja lazima usemwe hapa. Blanketi haliwezi kutuliza sauti nene za chini. Wimbi la mitetemo 100 kwa sekunde, ambayo ni kiwango cha kawaida cha mwanamume anayezungumza, lina urefu wa mita 3 na nusu. Blanketi kwake ni kama wavu wa dagaa mbele ya nyangumi aliyekwisha kupita. Anayeona sauti yake yavuma zaidi katika noti fulani na ahame mahali: asisimame katikati kabisa ya chumba, wala pembeni kwenye kona.

Umbali wa kinywa

Baada ya chumba, jambo la pili nalo halinunuliwi. Kila umbali kati ya kinywa na maikrofoni unapozidishwa mara mbili, sauti inayokuja moja kwa moja hupungua kwa desibeli 6; mvumo wa chumba, ambao umeenea kila mahali, hubaki karibu vile vile. Mwimbaji aliyesimama sentimita 60 kutoka maikrofoni akisogea hadi sentimita 15 hujipatia desibeli 12 dhidi ya chumba, feni na jogoo kwa pamoja.

Ukaribu una gharama zake. Maikrofoni nyingi za uimbaji husikia zaidi upande wa mbele, na zote za aina hiyo huongeza unene wa sauti kinywa kinapokaribia. Wengine huupenda unene huo. Gharama nyingine ni pumzi. Katika matamshi ya wenyeji wa pwani, paa wa mwituni hutamkwa kwa mpumuo ambao paa la nyumba halina. Mpumuo huo, ambao sikio la msikilizaji huuchukua kuwa sehemu ya neno, huigonga maikrofoni kama kofi. Dawa yake ni soksi ndefu ya nailoni iliyovutwa juu ya duara la waya na kuwekwa kati ya kinywa na maikrofoni, au kuimba kwa kuelekeza kinywa kando kidogo.

Chombo chenyewe

Kiswahili kimezoea kuviita kipaza sauti vyombo viwili vinavyofanya kazi zilizo kinyume: kile kinachopokea sauti na kile kinachoitoa. Walimu hulalamika. Hata hivyo katika aina moja ya maikrofoni lugha haikukosea sana. Maikrofoni ya koili ina kiwambo chepesi kilichounganishwa na koili ya waya ndani ya sumaku. Sauti hutikisa kiwambo, koili hucheza, umeme mdogo huzaliwa. Ukipeleka umeme katika koili, kiwambo nacho kitatoa sauti. Ni chombo kile kile kilichogeuzwa.

Aina ya pili ni maikrofoni ya kapasita. Ndani yake kiwambo chembamba mno, chenye unene wa sehemu chache tu za elfu za milimita, hutikisika mbele ya bamba lenye chaji. Huhitaji umeme kutoka nje, kwa kawaida volti 48 zinazopitishwa katika waya wake wenyewe. Mwaka 1962 Gerhard Sessler na James West wa Bell Laboratories, Marekani, walibuni kapasita ambayo utando wake hushika chaji ya kudumu, na kwa njia hiyo maikrofoni za aina hii zikawa ndogo na rahisi.

Kwa sauti ya desibeli 94, maikrofoni ya koili hutoa milivolti 2 hivi. Ya kapasita hutoa 10 hadi 20. Hapo ndipo ulipozaliwa usemi wa mitaani kwamba kapasita “inasikia mbali” na kwa hiyo huvuta kelele zote za nyumba. Usemi huo una kosa. Uwiano kati ya sauti ya mwimbaji na mvumo wa chumba hutegemea umbali, na pia pande ambazo maikrofoni husikia. Hautegemei wingi wa milivolti. Kilicho kweli ni kwamba kapasita hunasa sauti nyembamba kwa uwazi zaidi, pamoja na kasoro zake zote, na kwamba wanaoitumia hupenda kusimama mbali nayo. Katika chumba kisichotulizwa, maikrofoni ya koili iliyo karibu na kinywa ni chaguo la busara. Inavumilia kuanguka, vumbi na unyevu, nayo haidai volti 48. Udhaifu wake ni kwamba mtu mwenye sauti ya chini atalazimika kuikuza sana, na kikuzaji dhaifu kitaongeza mchakarisho wake.

Kwamba chombo cha kawaida chaweza kutosha kumethibitishwa zamani. Mnamo Januari 1982 mwimbaji wa Marekani Bruce Springsteen alijinasia nyimbo nyumbani kwake New Jersey, kwa maikrofoni mbili za koili aina ya Shure SM57 na mashine ya kaseti yenye njia 4. Alikusudia ziwe mfano tu wa kuwaonyesha wanamuziki wenzake. Bendi ilipozirudia studioni, kitu fulani kilipotea. Na mwaka ule ule kaseti ile ikatolewa kuwa santuri, Nebraska. Mafundi walitaabika kuihamisha kaseti hiyo kwenye sahani, kwa maana kasoro zilizokwisha kuingia hazikutaka kutoka.

Leo mahali pa kaseti pamechukuliwa na kigeuzi, kisanduku kinachokuza umeme wa maikrofoni na kuugeuza kuwa tarakimu. Kigeuzi kikipima wimbi mara 44,100 kwa sekunde, huweza kunasa mitetemo hadi 22,050, na sikio la binadamu haliendi mbali zaidi ya 20,000. Kikitumia biti 24 hakuna haja ya kuimba kwa kiwango cha juu kabisa. Kilele cha sauti kiachwe desibeli 10 chini ya ukomo, kwa kuwa wimbi lililokatwa kichwa halirudi kuwa zima. Anayenasa sauti moja tu anaweza kuchukua maikrofoni yenye kigeuzi ndani yake, ya kuchomekwa moja kwa moja kwenye kompyuta. Akija kutaka maikrofoni ya pili ndipo atakapoona ufinyu wake.

Zipo sasa programu za kompyuta zinazopunguza mvumo wa chumba baada ya kunasa. Husaidia, lakini hutafuna pamoja na mvumo sehemu ya sauti yenyewe, hasa mwisho wa maneno. Kwa hiyo mpango wa matumizi ya fedha na ufuate njia ya sauti: kwanza mablanketi na kamba, kisha hedifoni zilizozibwa pande zote ili muziki wa kufuatisha usivujie kwenye maikrofoni, kisha maikrofoni ya koili na stendi imara, na kigeuzi cha njia moja au mbili. Simu iliyopo nyumbani yatosha kabisa kwa majaribio ya chumba, hata kabla ya kununua chochote.

Jaribio lenyewe ni jepesi. Saa ile ile ambayo mtu anakusudia kuimba, simu na iwekwe mahali pa maikrofoni, milango ifungwe, inase dakika moja ya ukimya na makofi matatu. Kisha isikilizwe kwa hedifoni. Makofi yakiacha mlio wa chuma, kuta bado zinahitaji mablanketi. Ukimya ukiwa na mvumo mzito usiobadilika, feni au friji na izimwe. Na ikiwa nyumba imeezekwa kwa bati na mvua imeanza kunyesha, kazi na iahirishwe hadi kesho.