Kipoza oili: gharama ya ziada au kinga ya mtaji katika milima ya Ngara?

Mfanyabiashara anayenunua maharage au ndizi wilayani Ngara huanza hesabu yake kwa bei ya shambani. Huongeza gunia, wapakiaji, ushuru wa mazao na dizeli, kisha hulinganisha jumla hiyo na bei ya soko anakopeleka. Mara nyingi kitu kimoja hakimo katika hesabu hiyo, nacho ni joto la oili ya injini. Hata hivyo, kwa mwenye gari lililofungwa tabo ambalo halikutoka nayo kiwandani, joto hilo ndilo linaloweza kuamua kama gari litalipa deni lake au litanoki likiwa na mzigo wa watu mgongoni.

Suala hili lina uzito wa pekee katika wilaya za Ngara na Biharamulo kutokana na barabara zake. Kutoka Lusahunga, wilayani Biharamulo, barabara kuu inaelekea magharibi kupitia Nyakahura hadi Benaco na Rusumo, penye daraja la Mto Kagera na mpaka wa Rwanda. Tawi jingine linapanda kuelekea Ngara mjini na Kabanga, kwenye mpaka wa Burundi. Sehemu kubwa ya njia hizo ni milima, na baadhi ya maeneo ya Ngara yana mwinuko unaozidi mita 1,500 kutoka usawa wa bahari. Gari lenye mzigo hupanda kwa gia ndogo, mwendo ukiwa mdogo na injini ikifanya kazi kubwa. Hapo ndipo oili huchemka.

Kwa nini magari hubadilishwa

Hewa ya milimani ni nyepesi. Katika mwinuko wa mita 1,500, uzito wa hewa hupungua kwa takriban asilimia 14 ukilinganisha na pwani. Injini ya dizeli isiyo na tabo huvuta hewa hiyo pungufu na hivyo hupoteza nguvu kwa kiasi kinachokaribiana na hicho. Mwenye gari aliyezoea kupakia tani ile ile huona gari lake limechoka, ingawa kosa si la gari.

Mfano unaofahamika ni Land Cruiser yenye injini ya 1HZ, dizeli ya silinda 6 yenye ujazo wa lita 4.2, iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1990 bila tabo. Magari ya aina hii ni ya kawaida katika ukanda huu, ambako barabara mbovu ziliyapa sifa tangu mashirika ya misaada yalipofurika Ngara mwaka 1994. Mwaka huo, mwishoni mwa Aprili, takriban wakimbizi 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Injini hiyo inasifika kwa uvumilivu, lakini mlimani ni nzito. Kwa hiyo wamiliki wengi wa injini hiyo, katika nchi mbalimbali, huifunga tabo na kuongeza dizeli kwenye pampu.

Gari hupata nguvu kweli. Lakini nguvu haiji peke yake. Kila lita ya dizeli inayoongezwa huleta joto zaidi kwenye pistoni, na tabo yenyewe huendeshwa na moshi wenye joto kali huku shafti yake ikilainishwa na oili ile ile ya injini. Kwa maneno mengine, oili iliyopangiwa kazi moja kiwandani sasa inafanya kazi mbili.

Joto linavyokula mtaji

Katika injini iliyokwisha kupata moto, oili hufanya kazi vizuri ikiwa kati ya nyuzi 90 na 110 za sentigredi. Ikipanda na kupita 120 kwa muda mrefu, huwa nyepesi mno na utando wake unaotenganisha krenki na beringi hupungua. Aidha, oili yenyewe huanza kuharibika haraka. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa vilainishi ni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka huifanya kasi ya kuharibika iwe karibu mara mbili. Hii ina maana kwamba oili inayoshinda kwenye nyuzi 120 huharibika takriban mara 4 ya ile inayoshinda kwenye 100.

Mwenye gari huliona tatizo hilo kwa dalili chache: taa au geji ya presha ya oili hushuka gari likisimama baada ya mlima, oili huwa nzito kama uji kabla ya kilomita zake, na tabo huanza kuvuja au kupiga mluzi. Asipojali, beringi husagika na injini hunoki.

Hata hivyo, oili iliyopoa kupita kiasi nayo ni hasara. Isipofika nyuzi 80, maji na mabaki ya dizeli yanayoingia ndani yake hayatoki kwa mvuke, na oili hugeuka tope. Asubuhi za Ngara ni za baridi, na gari linalofanya safari fupi fupi linaweza kumaliza siku bila oili yake kupata moto unaotakiwa.

Njia zilizopo

Njia ya kwanza, ambayo ndiyo ya bei nafuu, ni kurekebisha kile ambacho gari tayari linacho. Rejeta iliyojaa vumbi la barabara na mbegu za nyasi haipoozi maji, na maji yasipopoa oili nayo haipoi. Kifuniko cha rejeta ni kitu kidogo chenye kazi kubwa: katika mwinuko wa mita 1,500 maji ya wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, lakini kifuniko kizima chenye presha ya 0.9 huyawezesha kufika takriban 115 kabla ya kuchemka. Kifuniko kilichochoka huiondoa kinga hiyo yote.

Hapa pia lipo kosa linalorudiwa katika gereji nyingi, la kuondoa thamostati ili gari lisichemshe. Katika injini nyingi thamostati ikifunguka huziba njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemsha zaidi mlimani huku likichelewa kupata moto asubuhi.

Njia ya pili ni oili yenyewe. Kwa dizeli yenye tabo, oili ya daraja la dizeli inayokubaliwa na kitabu cha gari, kama ile ya 15W-40, ni bora kuliko oili ya bei ya chini isiyojulikana daraja lake. Kubadilisha mapema ni kinga, lakini hakuondoi chanzo cha joto.

Njia ya tatu ni kipoza oili kinachotumia maji ya rejeta. Dizeli nyingi hutoka nacho kiwandani, kikiwa karibu na filta. Faida yake ni mbili: hakihitaji mipira mirefu, na asubuhi maji huisaidia oili kupata moto mapema. Kasoro yake ni kwamba hakiwezi kuifanya oili iwe baridi kuliko maji, na kikitoboka oili na maji huchanganyika. Oili inayofanana na chai ya maziwa, au utando wa mafuta ndani ya rejeta, ni ishara ya kusimamisha gari hapo hapo.

Njia ya nne ni rejeta ndogo ya oili inayopoozwa na upepo. Sahani hufungwa kati ya injini na filta, na mipira miwili hupeleka oili mbele na kuirudisha. Hii ndiyo njia yenye uwezo mkubwa zaidi kwa gari lenye tabo na mzigo, lakini ndiyo yenye hatari nyingi ikifungwa ovyo. Sahani iwe na thamostati inayofunguka karibu na nyuzi 80, vinginevyo gari litakuwa na oili baridi kila asubuhi.

Mahali pa kuifunga ni jambo la hesabu pia. Ikiwekwa mbele kabisa ya rejeta kubwa, huipelekea rejeta hiyo hewa iliyokwisha kupata joto, na tatizo la oili linageuka kuwa tatizo la maji. Panapowezekana ipewe njia yake ya upepo, mbali na mawe yanayorushwa na matairi. Kwa gari linalopanda kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa upepo wa safari hautoshi, hivyo feni ndogo ya umeme huwa na manufaa.

Mipira ndiyo isiyostahili kubanwa bei. Oili hutembea kwa presha ya angahewa kadhaa, tena ikiwa na moto. Mpira wa maji uliokazwa kwa klipu unaweza kushika wiki moja na kupasuka ya pili, na injini humwaga oili yake yote barabarani kabla dereva hajafika chini ya mlima. Mpira uwe wa oili na presha, wenye viungio vilivyobanwa kwa mashine.

Hesabu ya mwenye gari

Chukua mfano wa gari linalotumia lita 10 za oili na kutembea kilomita 30,000 kwa mwaka. Likibadilisha oili kila kilomita 5,000 litatumia lita 60. Joto likimlazimisha mwenyewe kubadilisha kila kilomita 2,500, litatumia lita 120. Tofauti ni lita 60. Kwa bei ya mfano ya shilingi 10,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 600,000 kwa mwaka, bila kuhesabu filta na siku za gereji. Kila mmoja aweke bei aliyopewa dukani, kisha ailinganishe na gharama ya kipoza oili pamoja na mipira, sahani na ufundi.

Upande wa pili wa mizani ni injini. Gari likinoki, gharama si spea tu. Kuna mzigo wa ndizi unaoiva njiani, gari la kukodi la kuufaulisha, na wiki ambazo deni linaendelea kuhesabiwa bila safari.

Lakini hesabu hiyo ni halali tu kama joto limepimwa. Geji ya joto la oili ndiyo inayopaswa kununuliwa kwanza. Ikionyesha kuwa baada ya kusafisha rejeta na kubadilisha kifuniko oili haipiti 110 hata gari likiwa na mzigo mlimani, fedha ya kipoza oili ibaki mfukoni. Ikiendelea kupita 120, kipoza oili si anasa.

Tahadhari kwa mnunuzi

Kuna jambo ambalo kipoza oili hakiliwezi. Pampu ikifunguliwa mno na gari likatoa moshi mweusi mlima mzima, joto la moshi ndilo linaloyeyusha pistoni, na oili iliyopoa haitazuia hilo. Dawa yake ni kuipunguza dizeli na kupunguza mzigo.

Kipoza oili cha mtumba nacho kinahitaji macho. Kilichotoka kwenye injini iliyonoki hubaki na chembe za chuma ndani ya mifereji yake myembamba, na kuosha kwa petroli hakuziondoi zote. Chembe hizo huenda moja kwa moja kwenye beringi mpya. Kwa sababu hiyo hiyo, anayefungua injini yake upya asirudishe kipoza cha zamani.

Kwa mwekezaji mdogo anayetaka kununua gari lililobadilishwa, maswali ni machache. Je, tabo ilifungwa pamoja na geji za joto, au iliongezwa nguvu bila macho? Je, mipira ya oili ina alama za kuvuja? Kama injini nzima ilibadilishwa, je, namba yake inalingana na ile iliyo kwenye kadi ya gari? Gari ambalo kadi yake inasema jambo moja na injini jambo jingine linaweza kumgharimu mnunuzi siku ya kuliuza au siku ya kudai bima.

Mwisho, ipo kinga isiyonunuliwa dukani. Dereva akifika kituoni baada ya mlima asizime injini papo hapo. Aiache iungurume polepole dakika 1 au 2 ili oili iipoze tabo kabla haijasimama. Akiizima mara moja, oili iliyobaki kwenye shafti huungua na kuganda, na tabo hufa taratibu. Dizeli ya dakika hizo ni kidogo sana ikilinganishwa na bei ya tabo, na mwenye gari anaweza kulianza hilo leo, kabla hajawa na fedha ya kipoza oili.