Mto Kilombero haujali wewe ni mtoto wa mjini!

Hivi msomaji wangu, mara ya mwisho kuogopa kweli kweli ilikuwa lini? Sizungumzii kumwogopa mwenye nyumba anapogonga mlango tarehe moja. Nazungumzia ule woga wa tumboni, unaomfanya mtu akumbuke sala alizofundishwa na bibi yake. Kama umeusahau, nenda Kilombero, utaukuta unakusubiri.

Sisi watoto wa mjini tuna ugonjwa mmoja. Tunadhani kupanda milima, kulala porini na kupiga kafi mtoni ni mambo ya Wazungu wenye mabegi makubwa mgongoni. Likizo yetu ni nyama choma, bia mbili na muziki mpaka majogoo. Jumatatu mfuko mtupu, kichwa kinagonga. Basi Agosti iliyopita washikaji watano tukasema potelea mbali, safari hii tunakwenda kuitafuta raha ya jasho. Kila mtu akatoa laki moja na nusu, tukakabidhi kwa dada mmoja muuguzi, maana kati yetu ni yeye peke yake anayejua kutunza hela ya watu.

NYUMBA YENYE MAGURUDUMU

Wenzetu wana magari maalumu yenye kitanda, jiko na hata choo. Sisi tulikuwa na Hiace kuukuu ya mshikaji wetu fundi makenika. Viti vya nyuma viling'olewa, kikapigiliwa chanja cha mbao, juu yake godoro la inchi sita. Madirishani mapazia ya kitenge. Mtungi mdogo wa gesi, madumu mawili ya maji, sufuria tatu, hema la kuazima na vyandarua viwili. Wanawake wawili ndani ya gari, madume watatu hemani. Mambo yakawa bomba!

Vyandarua lilikuwa sharti la muuguzi. Alisema huwezi kwenda Ifakara bila chandarua, huko mbu wamesomewa kuliko wanafunzi. Kweli bwana. Taasisi ya Afya Ifakara ilianzia kwenye maabara ndogo ya Waswisi miaka ya 1950, na ni katika bonde hilo hilo la Kilombero ambako miaka ya mwisho ya 1990 wananchi walihamasishwa kununua vyandarua vyenye dawa. Waliofika mapema hapo wameshatuachia somo, kwa nini turudie shule?

Tulitoka Dar alfajiri. Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza kwa karibu kilomita 50, fundi alitambaa kama anasindikiza maiti, maana twiga hana taa za nyuma. Mikumi mjini tukakata kushoto kuelekea Kidatu, kwenye mashamba ya miwa. Kipande cha Kidatu hadi Ifakara, karibu kilomita 67, zamani kilijulikana kwa vumbi la kupaka mtu nyusi. Sasa ni lami, gari linateleza.

MAJI YA MITA 170

Jaribio la kwanza lilikuwa maporomoko ya Sanje, ndani ya Hifadhi ya Milima ya Udzungwa iliyoanzishwa mwaka 1992. Maji yanashuka kwa ngazi tatu, jumla mita 170. Kuyafikia ni kupanda kwa miguu msituni na mwongoza wageni, jasho linatiririka, mizizi inakukamata kama askari wa jiji.

Hapa nimtambulishe mwenzetu tuliyembatiza Komandoo. Huyu anashinda akinyanyua vyuma mtaani, kifua kama mlango wa benki. Alitoka mbio, akatuacha. Nusu saa baadaye tukamkuta kakaa kwenye jiwe anahema, na binti yetu wa genge la chipsi akampita na ndala zake, anaimba. Tulicheka mpaka ndege wakaruka.

Mwongoza wageni akatusimulia habari moja iliyonikaa kichwani. Msituni humo yupo kima wa Sanje, ambaye wanasayansi walikuja kumtambua mwaka 1979. Dunia ikashangilia mnyama mpya. Mpya kwa nani? Wenyeji walikuwa wanamjua kwa sauti yake na jina lake, ngolaga. Ukiwa ugenini, basi, muulize mwenyeji kabla hujajifanya umegundua kitu.

BAISKELI MPAKA DARAJANI

Ifakara ni mji wa baiskeli. Mama anakwenda sokoni kwa baiskeli, mwalimu anakwenda kazini kwa baiskeli, magunia ya mchele yanapanda baiskeli. Tukakodi tano, tukachoma mafuta ya miguu mpaka kwenye Daraja la Magufuli, lenye urefu wa mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018.

Juu ya daraja ni picha, vicheko na pozi za kila aina. Lakini muuza karanga mmoja alituonyesha kwa kidole mahali kilipokuwa kikipita kivuko. Januari 2016 kivuko kilipinduka kikiwa na watu na magari, wakati wa upepo mkali na mvua. Akasema watu wa huku hawakulishangilia lile daraja kwa sababu ni zuri. Walilishangilia kwa sababu wanaujua mto. Komandoo akamjibu kwamba yeye kaogelea Coco Beach tangu ana miaka sita. Muuza karanga akamtazama tu, akaendelea na biashara yake.

MZEE ALIYEKATAA HELA

Kesho yake tukaiacha lami, tukashika njia ya vumbi upande wa Idete na Namwawala mpaka Mofu. Mara mbili tulishuka kusukuma Hiace mchangani. Mofu ni kijiji cha mpunga na samaki, kwenye ukingo wa uwanda ambao masika unageuka ziwa, mito ya milimani inapomwaga maji yake Kilombero. Uwanda huo uliingizwa mwaka 2002 kwenye orodha ya Ramsar ya ardhi oevu muhimu duniani, karibu hekta 797,000. Humo wamo sheshe, swala wa nyasi za majimaji ambao wamepungua sana, na kwera wa Kilombero, ndege anayesuka kiota karibu na maji, aliyeandikwa na wanasayansi mwaka 1990. Hapatikani kwingine duniani.

Huku ni kwa Wandamba, watu wa maji tangu enzi. Tulipelekwa kwa mzee mmoja mwenye mtumbwi wa gogo moja. Hakuwa na majaketi okozi. Tulikuwa tumeazima matatu Dar, kwa hiyo tukakubaliana kwenda kwa zamu, watatu kisha wawili, mzee nyuma na upondo wake. Masharti yake yalikuwa mawili: "Wajukuu zangu, mnakaa chini, mikono ndani. Anayeogopa aseme, nitamrudisha."

Msomaji wangu, mtumbwi wa gogo si boti ya kwenda Zanzibar. Ukikohoa unayumba. Maji yako kiganja kimoja tu chini ya ukingo, meusi, kimya. Mzee alikuwa anasoma mto kama sisi tunavyosoma meseji za simu: majani yaliyolala, ndege walioruka ghafla, mapovu. Kila akiona kitu anaukumbatia ukingo. Mimi niliyepanda nikijiona shujaa nilishuka magoti yakicheza sindimba, na nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuinunua kaunta.

Zamu ya Komandoo ilikuwa ya mwisho. Jaketi alilikataa, eti linabana kifua. Jua likawa linashuka, na mbele kwenye kona ya mto zikaonekana pua za viboko. Komandoo akatoa noti tano za elfu kumi. Alitaka apelekwe karibu, apige picha ya kuwaringishia watu.

Mzee hakuzigusa. "Hela yako nzuri, mjukuu wangu. Lakini saa hizi mwenye mto anatoka kwenda kula. Na mimi kesho nataka kwenda kuvua."

Komandoo akaongeza noti mbili. Sisi wengine tukawa tunaangalia miguu yetu. Unajua tena mambo ya washikaji, hakuna anayetaka kuonekana mwoga. Ni muuguzi aliyemwuliza mbele ya wote: "Kaka, niambie ukweli. Unajua kuogelea au unajua kusimama kwenye maji ya kifuani?"

Kimya. Kisha Komandoo akasema polepole, "Kusimama."

Hakuna aliyecheka. Hata nusu saa haijapita, kiboko mmoja akapanda ukingoni, karibu na mtumbwi ulipofungwa, akachana nyasi kama tingatinga. Sisi tulikuwa mbali, mzee katushika nyuma yake. Akatueleza kwamba kiboko ana njia yake, na mtu akisimama kati yake na maji ndipo balaa linapoanza. Nilimtazama Komandoo. Kifua kilikuwa kile kile, ila jaketi alikuwa amelivaa, tena nchi kavu.

Kabla giza halijaingia tulikuwa tumemwona mama mmoja akivushwa, mtoto mgongoni na gunia la mchele miguuni, bila jaketi, bila kelele, anazungumza na mpiga upondo habari za bei ya mpunga. Sisi tunalipa tuogope nusu saa, yeye analipa afike nyumbani. Huo ndio ushujaa ambao hakuna anayeupiga picha.

UKITAKA KWENDA

Nenda kiangazi, maana masika njia za huko zinamezwa. Milimani chukua mwongoza wageni, majini chukua mwenyeji. Patana bei kabla ya kupanda, na usipunje, maana unamkabidhi roho yako. Jaketi okozi beba lako mwenyewe, chandarua usisahau. Mwenyeji akisema hapana, usiongeze noti. Na kati ya washikaji zako mchague mmoja mwenye ujasiri wa kuuliza swali la aibu. Huyo ana faida kuliko wenye vifua watatu.

Njiani kurudi tulibishana sana, mpaka Morogoro tukaafikiana: kuna mchango wa majaketi okozi ya kupeleka Mofu. Mpaka naandika haya fedha zimetosha mawili. Mweka hazina ni Komandoo, ambaye kila Jumamosi asubuhi anakwenda kujifunza kuogelea, kwenye kina kifupi, pamoja na watoto wa darasa la pili.