Chovya Chovya: Ramani ya Maji Yaliyo Chini ya Donholm

Jina Nairobi limetokana na maneno ya Kimaasai yenye maana ya maji baridi. Hata hivyo, mabomba yanapokauka, mkazi wa mtaa wa Donholm, Eastlands, hutegemea mitungi ya mkokoteni au kisima kirefu kilichochimbwa na mwenye nyumba. Wahenga walinena kuwa chovya chovya humaliza buyu la asali. Je, buyu hili la maji hujazwa wapi? Makala haya yanaeleza jinsi mfumo wa taarifa za kijiografia unavyosaidia kulijibu swali hilo.

Mfumo huo hutumia programu za kompyuta kupanga ramani nyingi za eneo moja, moja juu ya nyingine. Zinazohitajika hapa ni ramani za mvua, udongo, miamba na nyufa zake, mwinamo wa ardhi, mito na matumizi ya ardhi. Mwinamo, kwa mfano, waweza kukokotolewa kutokana na vipimo vya rada vilivyochukuliwa na chombo cha angani Endeavour mnamo Februari 2000. Eneo hugawanywa katika miraba midogo. Kila mraba hupewa alama katika kila ramani, na kila ramani hupewa uzito wake. Jumla ya alama hudhihirisha mahali ambapo mvua yaweza kupenya hadi miambani.

Kwa vigezo hivyo, Donholm hupata alama chache. Udongo wake mweusi wa mfinyanzi huvimba unapolowa na kuziba njia za maji. Juu yake pametandazwa saruji na lami. Nyanda za juu za magharibi, kuanzia Ngong hadi Kikuyu, ndizo zenye mvua nyingi zaidi na miamba ya volkano yenye nyufa. Maji yanayopenya huko husafiri chini kwa chini kuelekea mashariki.

Ni kweli kwamba uzito wa kila ramani huamuliwa na binadamu. Kwa hiyo matokeo sharti yalinganishwe na vipimo vya visimani. Hata hivyo, funzo li wazi. Anayekata msitu au kusakafu uwanja kule Ngong hugusa kisima cha Donholm. Nasi wa Donholm tukinge maji ya paa katika matangi ili tupunguze kuchovya, wala tusielekeze maji machafu ya mitaroni kwenye visima vikuukuu, kwani buyu lililotiwa sumu si bora kuliko buyu tupu.